Rambirambi Zilizojenga Wodi

Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, Ukerewe, kilipopinduka ziwani karibu na gati la kisiwa cha Ukara, zikapotea roho zaidi ya 200, wavuvi wa kisiwani, pasipo ujira wala amri ya hakimu yeyote, walikimbilia mitumbwi yao kuwaokoa waliokuwa wakizama. Nawapa pongezi kwa moyo wangu wote. Na wale waliotoa rambirambi, wengine wasiowahi kuliona ziwa lile, nao wanastahiki shukrani adhimu, kwani fedha zao zilielekezwa kujenga wodi katika kituo cha afya cha Bwisya, huko huko Ukara, ili mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku apate tabibu pasi na kuvuka maji.