Tanuru la Wafipa: usilihukumu kwa macho tu

Unaanza kusoma ubunifu wa vitu vyenye urefu, upana na kina? Basi kabla ya viti vya Ulaya, anzia hapa Ufipa.

Tanuru la chuma la Wafipa, ilungu, lilijengwa kwa udongo, likafikia mita 3 hivi: pana chini, jembamba juu. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda, inavuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Hakuna wa kuvukuta! Yaani ubunifu wenyewe umo kwenye uwazi wa ndani. Ukuta unaulinda tu. Ukilichora kwa mbele, utapata mnara, upepo utaukosa.

Ila tusilisifu kupita kiasi. Chuma kilitoka bado kina mavi ya chuma, kikarudishwa motoni kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ikahitajika. Je, ilungu lilishindwa? Tunaona hapana. Kazi moja iligawiwa maumbo mawili, kwa hiyo ukilipima moja peke yake unalionea.

Jaribu mwenyewe, ukiwa nje: finyanga matanuru mawili madogo, fupi na refu, uyatie mkaa. Lipi linawaka zaidi?