Herufi J chini ya lupe

Katika Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, yuko mzee ambaye watu humletea sarafu za fedha walizoachiwa na babu zao. Kwanza hutandika kitambaa cheusi mezani, ndipo aipokee sarafu kwa kuishika ukingoni tu, uso wake usiguswe na kidole. Huiweka juu ya mzani. Rupia ya Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani, ilitoka kiwandani na gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1,000. Ikipungua kidogo, imechakaa kwa kupita mikononi. Ikipungua gramu nzima, mzee hunyamaza na kuipima tena. Kisha huisogezea sumaku, kwa kuwa fedha haivutwi.

Rupia hizi ziko Katanga kwa sababu. Askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliingia Tabora, katika koloni hilo la Wajerumani, tarehe 19 Septemba 1916, na nchi ile ilikuwa ikitumia rupia. Zile zilizopigwa kuanzia 1904 zina herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Afrika ya Mashariki ya Waingereza nayo ilikuwa na herufi zake kwenye shilingi, kama H ya Heaton wa Birmingham na SA ya Pretoria. Ni herufi ndogo sana, na ndiyo maana mtu huiona imerudufika hata pale ambapo haikurudufika.

Mzee huilaza taa ya meza hadi mwanga upite karibu sambamba na uso wa sarafu. Huinamisha lupe inayokuza mara kumi, huisogeza karibu na jicho, halafu huizungusha sarafu, taa ikibaki palepale. Polepole kabisa. Kivuli cha herufi hurefuka, hufupika, huhamia upande wa pili, na kila kinachosimama juu ya uso hujitambulisha kwa kivuli chake. Sijaona mtu mwingine anayetumia muda mrefu hivi kwa alama ndogo hivi.

Siku moja nilimkuta na kijana aliyeleta rupia ya 1910.

“Papa, angalia, J ni mbili.”

“Ngoja kwanza, mwanangu.”

Mzee alianza na mwaka, si na J, na kuna sababu. Zamani, katika viwanda vingi, chapa ya chuma ilikamilishwa kwanza, kisha fundi akaikita herufi ya kiwanda kwa mkono, kwa nyundo na kikito kidogo. Pigo la kwanza likienda upande, alirudia. Chapa ikabeba herufi mbili, na kila sarafu iliyotoka humo ikazirithi. Hapo herufi ndiyo iliyorudiwa, tarakimu za jirani ziko salama. Herufi ya pili ina mwili wake: imeinuka, mgongo wake wa mviringo, na pale miisho ya herufi hizo mbili inapoachana kuna pengo dogo lenye kona kali.

Kama chapa ilitikisika wakati wa kupiga, mambo ni mengine. Chuma husukuma ukingo wa herufi iliyokwisha kuumbika, na huacha kando yake kidaraja bapa, cha chini, chenye kung'aa. Herufi yenyewe hukonda, na mara nyingi tarakimu za jirani zimesukumwa upande uleule. Wakusanyaji hawalipi zaidi kwa hilo. Chapa iliyochoka nayo huvimbisha kingo za maandishi, lakini bila pengo wala kona.

Tarakimu za 1910 zilikuwa safi. Kijana akatabasamu. Mzee akahamia kwenye J, akaizungusha sarafu mara nyingi kuliko nilivyotarajia, akaniachia lupe nitazame. Kando ya mkia wa J palikuwa na mtaro mfupi, na pembeni mwa mtaro ukuta mwembamba wa fedha. Fedha ikikwaruzwa haipotei, husogezwa. Ukuta ule ndio uliokuwa ukijifanya J ya pili. Mzee akaonyesha kwa ncha ya kijiti, bila kugusa: kilele cha ukuta kimelainika sawa na herufi, kwa hiyo pigo ni la zamani, sarafu ingali ikitumika. Akageuza ukingoni kutafuta alama za lehemu, kwa kuwa sarafu nyingi za fedha ziliwahi kutiwa pete na kuvaliwa shingoni. Hakuna.

Alimwambia kijana kwa upole, bila kuzungukazunguka, kwamba J ni moja. Kwenye bahasha akaandika: 1910, J, uzito, “pigo la baada ya kutoka kiwandani, herufi moja”. Kwa maoni yangu bahasha ile ina thamani kubwa kuliko bei ambayo kijana alikuwa ameitarajia, kwa sababu kila neno lake linaweza kuthibitishwa na yeyote mwenye taa na lupe.

Nawe ukikuta rupia au shilingi nyeusi sandukuni kwa bibi, usiisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu. Weusi ule ni utando mwembamba tu, ila kusugua kunafuta kingo, na ni kingo hizo zinazosomwa.