Mgeni Dirishani: Uhakiki wa Filamu ya The Dreamers

Yapo mazoea ya kudhani kwamba mgeni anayeyaona machafuko ya nchi ya watu huwa shahidi mwema, maadamu hana upande. Filamu ya The Dreamers, iliyoongozwa na Bernardo Bertolucci mwaka 2003, imejengwa juu ya dhana hiyo. Mswada wake uliandikwa na Gilbert Adair kutokana na riwaya yake ya mwaka 1988, The Holy Innocents. Msimulizi ni Matthew, mwanafunzi wa Kimarekani aliyeko Paris mwaka 1968. Nia yetu ni kuupima ushahidi wake.

Mwanzo una nguvu. Mwezi Februari 1968 Henri Langlois aliondolewa katika uongozi wa Cinémathèque, nyumba ya kuhifadhi na kuonyesha filamu, na wapenzi wa sinema wakaandamana. Bertolucci amezichanganya picha halisi za siku zile na za waigizaji wake, hata Jean-Pierre Léaud, aliyekuwapo akiwa kijana, aonekana tena akiwa mtu mzima. Hapo ndipo Matthew akutanapo na pacha wawili, Théo na Isabelle, watoto wa mshairi. Wazazi wanaposafiri, ahamia kwao.

Tangu hapo twafungiwa ndani pamoja nao. Wafanya mapenzi, washindana kukisia majina ya filamu, wanywa mvinyo wa baba. Fedha zaisha, jikoni mwanuka, na chakula chatafutwa katika mapipa ya taka. Sehemu hii ya maisha ya kila siku ndiyo iliyosanifiwa vizuri kuliko zote, nayo ndiyo inayopotosha zaidi. Nje, polisi waliingia Sorbonne tarehe 3 Mei. Usiku wa tarehe 10 vizuizi vikajengwa kwa mawe ya barabarani. Kuanzia tarehe 13 mgomo ukaenea hata ukawahusisha mamilioni ya wafanyakazi. Treni zilisimama, barua hazikufika, petroli ikaadimika, taka zikarundikana. Lakini njaa ya vijana hawa haitokani na mgomo. Yatokana na uvivu. Mtazamaji asiyeijua historia aweza kuzichanganya njaa hizo mbili, na mwongozaji hamsaidii. Mfanyakazi wa kiwandani, ambaye bila yeye mgomo usingalikuwa mgomo, hana sauti katika kisa hiki.

Matthew amkemea Théo: kama kweli aamini mapinduzi, kwa nini yumo ndani akinywa mvinyo na kumsifu Mao, badala ya kuwa barabarani? Swali ni la haki. Ila muulizaji naye anywa mvinyo ule ule, na chini ya paa la watu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye apewaye kupona.

Mwishoni jiwe kutoka mtaani lavunja dirisha na kuwaokoa na gesi ambayo Isabelle ameifungulia. Pacha wajiunga na waandamanaji, Théo ashika chupa ya petroli, Matthew akataa na kwenda zake. Filamu yampa hadhi ya mwenye busara. Sisi hatupingi kukataa kwake jeuri. Twapinga wepesi wa kuondoka kwake. Daniel Cohn-Bendit, mwanafunzi wa Nanterre aliyezaliwa Ufaransa lakini akiwa na uraia wa Ujerumani, alipigwa marufuku kurudi Ufaransa mwezi huo huo wa Mei, na wanafunzi wenziwe wakaandamana kwa ajili yake. Mwezi Juni wageni wengine walifukuzwa nchini. Kwa mgeni, basi, siasa ya mtaani ilikuwa pia suala la kibali cha kukaa: aliyeingia barabarani aliiweka rehani nafasi yake ya masomo, na aliyejitenga huenda alijitenga kwa hofu, si kwa hekima. Hofu hiyo ndiyo ingalimfanya Matthew kuwa mtu kamili. Badala yake apita katikati ya umati na kutoweka, na hakuna askari hata mmoja amwulizaye hati zake.