Pepo Apewe Makao: Ufundi wa Kinga za Kale Ng'ambo ya Busisi

Ukivuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, unaingia Sengerema, nchi ya Wazinza ambayo Wasukuma nao wameijaza. Huku hirizi haimshangazi mtu. Kinachostahili kuchunguzwa ni ufundi wake: kinga iliundwaje hata wafugaji na wavuvi, watu waliozoea kupima hatari kwa macho yao, wakaikabidhi usalama wa watoto wao?

Dawa ya Kisukuma, bugota, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mti wenyewe: mizizi, magome au majani, ambayo husagwa au kuchomwa. Ya pili ni shingila, kiambato kidogo kinachoielekeza dawa kwenye kazi yake. Mti peke yake ni nguvu isiyo na mwelekeo. Shingila ndiyo inayobeba tabia inayotafutwa, iwe ni kutisha, kuvuta umati au kumpoteza adui njia. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya sosholojia katika serikali ya kikoloni na kuishi Mwanza, aliandika mwaka 1949 makala nzima kuhusu viambato vya dawa za namna hii katika jarida la Africa. Mbelgiji Koen Stroeken aliichambua shingila kwa kina katika kitabu chake Moral Power cha mwaka 2010.

Dawa ikikamilika, nyingine huvaliwa mwilini, nyingine huwekwa kuzunguka kaya kuwa lukago, zindiko la kumzuia mchawi.

Lakini pepo hesabu yake ni nyingine kabisa. Masamva, mizimu ya wahenga, hayawezi kuzuiwa langoni, kwa kuwa hapo ni kwao. Mzimu unaomsumbua mjukuu unadai kukumbukwa. Kwa hiyo mganga haufukuzi, anautafutia mahali. Hujengwa kibanda kidogo uani, numba ya masamva, au mgonjwa huvalishwa bangili na shanga kwa ajili ya mhenga aliyemjia. Chama cha Waswezi, kilichoenea Uzinza na Usukuma kikiwa na mizizi katika mizimu ya Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya Maziwa Makuu, kiliufikisha ufundi huu mbali zaidi: aliyeteswa na pepo huingizwa chamani kwa ngoma na miiko, kisha naye akahesabiwa miongoni mwa wanaowashughulikia wengine. Hapo kifaa kinachovaliwa ni hati ya mapatano kati ya mtu na pepo wake, na ndiyo maana kukivua ovyo kulionekana ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Wazo hilo halikuzaliwa ukanda wa Ziwa Victoria pekee. Pwani kulikuwa na fingo, chungu kilichofukiwa ili jini akae humo na kulinda nyumba au mji. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948, alikuta vyungu vya aina hiyo vimefukiwa ndani ya nyumba. Iliaminika kwamba anayeingia kwa nia mbaya angerukwa na akili. Mbali zaidi, katika Iraki ya kale, wanawake wajawazito walijikinga dhidi ya Lamashtu, muuaji wa watoto wachanga, kwa kuvaa kichwa cha Pazuzu, ambaye naye ni pepo mbaya. Jumba la makumbusho la Louvre lina sanamu yake ya shaba nyeusi, urefu wa sentimita 15 tu, yenye pete kichwani ya kuning'inizia. Pepo mkali kawekwa mlinzi dhidi ya pepo mkali. Mzee wa Kizinza angeielewa mantiki hiyo bila mkalimani.

Hirizi ya maandishi, ustadi wa watu wa pwani, inafuata njia tofauti. Mpelelezi Stanley alipofika Kagehyi, kusini mwa ziwa, Februari 1875, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshajikita, Songoro akiwa mmoja wao. Katika ustadi wao, Ayatul Kursiyyu, aya ya Kurani, huandikwa kwenye karatasi, ikakunjwa na kushonewa ngozi. Au huandikwa kwa zafarani, ikaoshwa na kunywewa kama kombe. Lipo pia jedwali la vyumba tisa: 4, 9, 2 juu, 3, 5, 7 katikati, 8, 1, 6 chini. Jumlisha kwa mlalo, kwa wima au kwa mshazari, jibu ni 15. Nguvu yake inasemekana kutoka katika mpangilio usio na ufa wa kupenyeza shari. Hapa pepo hapewi kiti, anafungiwa nje.

Ufundi huu wa kale lazima utenganishwe kabisa na ukatili ulioitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo. Deborah Fahy Bryceson na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba biashara hiyo ilikuwa mpya, na iliota kwenye tamaa ya utajiri wa haraka katika machimbo ya dhahabu, ambayo Geita, jirani wa Sengerema, inayo kwa wingi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ingawa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuwa imeshaweka utaratibu wa kuwasajili waganga. Mganga anayejenga kibanda cha masamva anamrudisha mgonjwa kwa ndugu zake, walio hai na waliokufa. Anayeagiza kiungo cha mtoto wa jirani ni mshirika wa mauaji, na mahali pake ni mahakamani.