Historia ya shule si orodha ya maprefe tu



Shule ya serikali hapa kwetu Beni ikifanya jubile, tunasomewa historia ile ile: ilianzishwa mwaka fulani, prefe wa kwanza fulani, wa pili fulani, mpaka wa leo. Halafu mheshimiwa anasema neno, tunapiga makofi. Miye nilisoma hapa Mulekera, na nasema wazi: historia ya namna hiyo iko na tundu.

Muangalie miaka. 1967 Exetat ilianza. 1974 Mobutu alichukua shule za makanisa. 1977 Serikali ilifanya mkataba na makanisa, yakarudishiwa uongozi. Hayo yote tunayajua, kwa sababu yako na sahihi na muhuri.

Lakini miaka ya 1990 je? Mshahara wa mwalimu haukununua hata chakula. Walimu waligoma, wazazi wakaanza kulipa prime ili masomo yasife. Ilipaswa kuwa ya muda mfupi. Ikabaki. Elimu ya bure ya 2019 ilifikia shule za msingi. Madarasa ya juu ya sekondari, wazazi wangali wanalipa.

Mama yangu alilipa kwa maharagi ya sokoni. Akichelewa, nilirudishwa nyumbani na daftari mkononi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yamewafukuza watu wengi kwenye mashamba yao ya kakao, lakini prime haikungojea vita iishe. Sasa shule ambayo mzazi njo analipa mwalimu, ni ya serikali kwa nini? Kwa bendera?

Mtu atasema: maprefe nao walijikaza. Kweli kabisa. Bila wao milango ingefungwa, na siombi majina yao yafutwe. Naomba ukurasa mmoja uongezwe: prime ilikuwa ngapi kila mwaka, wanafunzi wangapi waliacha masomo kwa kuikosa, wazazi gani walileta matofali. Tusipoandika hayo, tutaendelea kumshukuru asiyelipa mbele ya yule aliyelipa.

Diploma yangu iko na muhuri wa Serikali. Maharagi ya mama hayana muhuri. Kwa hiyo, kabla ya jubile ingine, kila mmoja wetu aulize nyumbani: mulilipa ngapi, na muliuza nini? Halafu tuandike, wazee wangali hai.