Kuupitia mswada si kuuhariri

Ukimuuliza mwandishi chipukizi kama ameuhariri mswada wake, mara nyingi atakujibu: "Nimeshaupitia." Jibu hilo ni la kweli kuliko anavyodhani. Kapita tu, kama matatu inavyopita kituo kisicho na abiria. Amefuta herufi zilizozidi, amerudisha koma, basi. Kama bado anayaamini aliyoyaandika, na kama sentensi zake zinayabeba, hilo hajaligusa.

Hapa Kenya, mfano mzito wa mwandishi aliyerudi kuihukumu kazi yake ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake A Grain of Wheat ilitoka mwaka wa 1967. Katikati ya miaka ya 1980, ikiwa imekwisha kusomwa, kufundishwa na kuhakikiwa, aliifungua tena na kutoa toleo lililorekebishwa. Jamani, wangapi kati yetu wangethubutu kukigusa kitabu kilichokwisha kuwajengea jina?

Na hakurudi kutafuta makosa ya chapa. Palipokuwa na neno "Chama", aliweka "Vuguvugu". Ni neno moja tu, lakini linaondoa vita vya ukombozi mikononi mwa chama kilichokuja kutawala na kuwarudishia watu waliovipigana. Hapo namvulia kofia. Aliyeiandika riwaya hiyo alikuwa kijana masomoni Leeds, Uingereza. Aliyeirekebisha alikuwa amezuiliwa Kamiti bila kufunguliwa mashtaka, chini ya serikali ya uhuru uleule unaosubiriwa riwayani. Neno la zamani lilikuwa limemchachia mdomoni.

Badiliko jingine linanikwaza. Katika toleo la kwanza, Koinandu, mtumishi aliyekuja kujiunga na wapiganaji wa msituni, anashiriki kumbaka Daktari Lynd, mwanamke Mzungu aliyekuwa mwajiri wake. Katika toleo la pili ubakaji umeondolewa. Kilichobaki ni kukatwakatwa kwa mbwa wake. Sababu naielewa. Picha ya Mwafrika mbakaji ilikuwa silaha ya propaganda ya wakoloni, na Ngũgĩ hakutaka kuwanolea panga. Lakini nguvu ya riwaya hii inatokana na kwamba hakuna aliye safi. Mugo, anayesifiwa kama shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika. Gikonyo alikiri kiapo ili arudi nyumbani. Karanja alishika bunduki ya mkoloni. Katikati ya watu hao, Koinandu kaoshwa peke yake, tena kwa maji ya itikadi. Isitoshe, hofu inayomwandama Daktari Lynd sasa imeegemea kifo cha mbwa, na sidhani kama mbwa huyo anaweza kuibeba.

Kuna watakaosema eti mwandishi ndiye mwenye kazi, aifanyie atakavyo. Haki anayo. Ila haki hiyo haimzuii msomaji kuyaweka matoleo mawili kando kwa kando na kuamua lipi linasema ukweli zaidi. Mimi ningechukua "Vuguvugu" la toleo la pili na Koinandu wa toleo la kwanza.

Wengi wetu hatutapata toleo la pili. Tuna mswada tu mezani, na hukumu yenyewe inaanzia kwenye sentensi. Chukua hii, ya aina tunayokutana nayo kila siku: "Serikali ilifanya uamuzi wa kufanya ukarabati wa barabara." Tahajia haina kasoro, upatanisho wa kisarufi upo. Anayeupitia mswada ataiacha ilivyo. Anayehariri ataona kwamba kitenzi "fanya" kimerudiwa bure na kwamba vitenzi vyenye kazi vimegeuzwa nomino, kisha aandike: "Serikali iliamua kukarabati barabara." Na akishaifupisha hivyo, ndipo atakapogundua kwamba hajasema ni barabara gani, wala itakarabatiwa lini.