Wosia wa Mwana Kupona na Msomaji wa Lemara

Miongoni mwa tungo za Kiswahili zilizotungwa na wanawake, ni chache zijulikanazo kama Utendi wa Mwana Kupona. Ulitungwa mnamo 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyefariki mwaka 1856. Maradhi yalikuwa yamemshika mama huyu mwaka mzima. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, akamwambia alete wino na karatasi, apate kumwachia wosia kabla ajali haijafika.

Hukumu za wahakiki juu ya utenzi huu zimegawanyika. Wako wausifuo kuwa kioo cha adabu. Wako waulaumuo kuwa kamba ya kumfungia mke. Pande zote mbili huyapima maagizo, zikamsahau mwenye kuagiza.

Maagizo hayafichiki. Binti atafute radhi 5: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Awe na adabu na ulimi mwema. Asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Agizo hili la mwisho limetoka katika daraja ya watu waliomiliki watu wenzao, na msomaji hana wajibu wa kulitetea. Utumwa ulikuwa dhuluma, na vina vizuri havikuugeuza kuwa haki.

Lakini nguvu ya utenzi haikai katika orodha ya amri. Hukaa mahali mama anapoacha kuamrisha akaanza kusimulia: jinsi alivyoishi na mumewe kwa furaha, na jinsi mume huyo, saa yake ilipowadia, alivyomkariria radhi. Hapo mama anatoa ushahidi. Anaagiza alilolitenda, na malipo aliyoyapata anayaweka mbele ya mwanawe ayaone. Beti zisizo na ushahidi huo ni baridi, hata kama mizani yake 8 imetimia.

Msichana wa Lemara, jijini Arusha, huufikia utenzi huu kwa njia ndefu. Mama yake huenda anamwonya kwa Kimeru au Kiarusha. Shule humfundisha Kiswahili sanifu. Utenzi nao umo katika lahaja ya Kiamu. Pengine dini yake pia ni nyingine. Akitakiwa kuorodhesha mafunzo ya utenzi kwa ajili ya mtihani tu, atayaandika na kuyasahau.

Na msichana huyo si mgeni wa wosia. Katika nchi ya Mlima Meru maonyo ya mama mara nyingi hufuatana na kazi: katika migomba, kando ya mfereji wa maji, au jikoni mtori unapopikwa kwa ajili ya mzazi. Mama akisema neno la kuonya, aghalabu hulifungamanisha na jambo lililomfika yeye au jirani yake. Hakuna aliyeyaandika maneno hayo katika beti, wala hayana urari wa vina. Hata hivyo msingi wake ni ule ule wa beti bora za Mwana Kupona. Neno lina uzito kwa sababu msemaji amelilipia.

Kwa hiyo mwalimu wa fasihi hana budi kubadili swali lake. Badala ya kuuliza mama ameagiza nini, aulize ni agizo lipi ambalo mama amelitolea ushahidi wa maisha yake, na ni lipi alilolirithi kwa watu wa daraja yake bila kulipima. Kwa kipimo hicho binti wa leo aweza kupokea subira na uaminifu wa Mwana Kupona, akayaacha majivuno ya ungwana, wala asihesabiwe mkosefu wa adabu. Kukataa agizo si kumkana mama. Pengine ndiyo heshima kubwa mtoto awezayo kumpa: kuyasikiliza maneno yake kwa makini hata akayajua ya kushika na ya kuacha.